Nguvu Si Ubora: Namna ya Kuonja na Kupima Mvinyo Mwekundu Mzito

Mwaka 1951, huko Magill karibu na mji wa Adelaide nchini Australia, Max Schubert wa kampuni ya Penfolds alitengeneza mvinyo wa zabibu za Shiraz ambao wenzake hawakuwa wameuzoea. Alikuwa ametoka Ulaya, na kule Bordeaux, Ufaransa, alijionea mivinyo iliyotengenezwa ili idumu miongo mingi. Aliporudi nyumbani akatumia mapipa mapya ya mwaloni na kukamua kutoka kwenye maganda kila kilichoweza kutoka. Kilichopatikana kilikuwa cheusi, kizito na chenye ukakasi wa kukaza mdomo. Waonjaji walioletewa mvinyo huo miaka michache baadaye waliukataa, na mwaka 1957 uongozi ukamwamuru aache. Schubert aliendelea kwa siri. Ilipofika mwaka 1960 mivinyo ya mwanzo ilikuwa imekomaa, ikaonjwa tena, na amri ikafutwa. Mvinyo huo, Grange, leo ni miongoni mwa mivinyo mashuhuri kabisa ya Australia.

Wale walioukataa walikuwa watu wanaojua kazi yao. Kilichowakuta ndicho kinachomkuta kila anayeonja mvinyo mwekundu mzito: nguvu hutangulia na kuziba njia, mengine yasionekane. Wao nguvu iliwafanya waukatae mvinyo mzuri. Wapenzi wengi wa mvinyo siku hizi hukosea upande wa pili, yaani nguvu huwafanya wausifu mvinyo wa kawaida. Rangi ikiwa nyeusi, chupa ikiwa nzito mkononi, kileo kikifika asilimia 15 na harufu ya vanila ikipanda, hukumu huwa imeshatolewa kabla ya funda la pili.

Ushauri wangu wote katika makala haya umesimama juu ya jambo moja. Nguvu ya mvinyo ni kitu cha kupimwa, na ubora ni kitu kingine. Mvinyo mzito ni mzuri pale kila nguvu iliyomo inapopata nguvu nyingine ya kuishika. Kulitambua hilo hakuhitaji kipaji cha kuzaliwa nacho wala fedha nyingi. Kunahitaji utaratibu, na utaratibu hufundishika. Naandika kwa ajili ya mtu mzima ambaye ameshaamua kunywa, na anayetaka kunywa kidogo kwa uelewa zaidi.

Nguvu inatoka wapi

Zabibu nyekundu karibu zote, ukizikamua tu, hutoa juisi isiyo na rangi. Rangi imo kwenye ganda. Ukakasi, unaoletwa na tanini, umo kwenye ganda, mbegu na vikonyo. Ndiyo maana mtengenezaji huyaacha maganda yaloweke ndani ya juisi inayochacha kwa siku kadhaa au wiki kadhaa. Zabibu ndogo zenye ganda nene, kama Cabernet Sauvignon na Syrah ambayo Waaustralia huiita Shiraz, hutoa rangi na tanini kwa wingi. Tannat, zabibu ya Madiran huko kusini-magharibi mwa Ufaransa ambayo sasa imekuwa fahari ya Uruguay, ni miongoni mwa zenye tanini nyingi kuliko zote.

Kileo hutoka kwenye sukari ya tunda, na sukari huletwa na jua. Nchi yenye joto huivisha zabibu hadi mvinyo ufikie asilimia 14 au 15. Lakini joto hilohilo hula uchachu wa tunda, na bila uchachu mvinyo huwa mzito usio na uhai. Ndiyo sababu mashamba mengi ya Mendoza, nchini Argentina, yapo kwenye miinuko chini ya milima ya Andes: jua la mchana huivisha Malbec, baridi ya usiku huutunza uchachu wake. Dodoma nayo ipo juu, karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa kuwa haina majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu yake nyekundu inayofahamika zaidi ni Makutupora.

Chanzo cha tatu ni pipa. Mwaloni mpya huleta vanila, karafuu, moshi na tanini zake wenyewe. Mwaloni wa Marekani huongeza harufu ya nazi. Mbao zikichomwa sana ndani, mvinyo hunuka kahawa. Wapo watengenezaji wa Afrika Kusini waliofanya harufu hiyo kuwa mtindo kamili kwa kutumia Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925 pale Profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut.

Kwa hiyo unapokutana na nguvu kwenye glasi, swali la kwanza ni la asili yake: hii ni nguvu ya ganda, ya jua, au ya pipa? Ya ganda na jua ilitoka shambani. Ya pipa ilinunuliwa, na mvinyo dhaifu nao unaweza kuvalishwa.

Zoezi la jikoni kabla ya chupa

Watu wengi huchanganya ukakasi, uchungu na uchachu, wakaviita vyote "ukali". Aliyevichanganya hawezi kupima mvinyo mzito, kwa kuwa kila kimoja kina maana yake. Dawa yake ipo jikoni.

Chukua vikombe vitatu. Cha kwanza tia chai ya rangi iliyochemka muda mrefu, bila sukari. Cha pili tia maji yaliyokamuliwa limau. Cha tatu tia kahawa nyeusi chungu. Onja kimoja kimoja, ukisukutua na kutema. Limau litakutoa mate pembeni mwa ulimi. Huo ni uchachu. Kahawa itakaa kama ladha. Huo ni uchungu. Chai iliyochemka itafanya jambo tofauti: mdomo utakauka, fizi na mashavu yatakwaruzana na ulimi. Huo ni ukakasi, nao ni mguso, si ladha. Tanini hushikana na protini za mate zinazoulainisha mdomo, na ulaini ukiondoka unabaki mkwaruzo.

Sasa mimina maziwa kidogo kwenye chai ile na uonje tena. Ukakasi umepungua, kwa sababu tanini imepata protini ya maziwa ya kushikana nayo badala ya ile ya mate yako. Fanya zoezi hili mara mbili tatu, na mivinyo itaanza kukufungukia.

Maandalizi

Jambo linaloharibu mivinyo mingi mizito katika miji yetu ya joto ni joto lenyewe. Ule ushauri wa zamani wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitolewa kwa vyumba vya Ulaya. Mvinyo mzito hujieleza vizuri kwenye nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa inaweza kufika 30, na hapo kileo hupanda puani na kufunika matunda. Weka chupa kwenye friji kabla ya kuonja hadi ishuke kufikia nyuzi hizo. Ikiwa ililala humo usiku kucha, itoe mapema, maana baridi kali nayo hufunga harufu na kuukaza ukakasi. Barafu usitie; itauongezea maji mvinyo unaotaka kuupima.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo unaojibana, isiyo na rangi wala nakshi. Mimina kidogo tu, mililita 50 zinatosha, ili upate nafasi ya kuuzungusha. Usijipake manukato siku hiyo, na mlo unaonukia uwe mbali. Mivinyo ikiwa kadhaa, anza na mwepesi na umalize na mzito, kwani ukakasi huongezeka mdomoni funda baada ya funda, na mvinyo wa sita utalipa deni la mitano iliyotangulia. Kati ya mmoja na mwingine kunywa maji, tafuna kipande cha mkate mtupu, na upumzike.

Tafuta pia chombo cha kutemea. Kutema ni kawaida kwa wote wanaoonja kama kazi, na ndiko kunakokuwezesha kubaki na akili timamu hadi glasi ya mwisho. Chupa ya kawaida ya mililita 750 yenye asilimia 14.5 ina karibu mililita 109 za kileo kitupu. Anayeonja mivinyo sita na kumeza yote ataacha kuhukumu kabla ya kufika mwisho, na hapaswi kushika usukani.

Macho: angalia, lakini usiamini sana

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo mchanga huwa na ukingo wa zambarau. Kadiri miaka inavyopita, ukingo huelekea rangi ya tofali. Mashapo chini ya chupa ya mvinyo uliokomaa si kasoro. Ni rangi na tanini zilizoungana zikazama, na dawa yake ni kusimamisha chupa siku moja kabla na kumimina taratibu.

Rangi inakueleza umri na aina ya ganda. Haikuelezi ubora, na hata nguvu haikuelezi sawasawa. Nebbiolo, zabibu inayotengeneza Barolo huko Piedmont nchini Italia, hutoa mvinyo wenye rangi nyepesi kiasi cha kusomea maandishi ng'ambo ya glasi, lakini ukakasi wake unaweza kumshinda mnywaji wa Cabernet. Vilevile michirizi inayoteremka kwenye kuta za glasi huonyesha zaidi kileo, na hakuna daraja la ubora linalosomeka humo.

Kuna sababu nyingine ya kuyawekea macho mipaka. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Pua ilifuata kile jicho lilichoona. Ukiona mvinyo mweusi, jua kwamba ubongo wako tayari umeanza kuyatafuta matunda meusi.

Pua: kamusi yako ianzie sokoni

Nusa kwanza kabla ya kuzungusha glasi, kisha zungusha na unuse tena. Harufu ya kwanza ni ya haraka na huenda isirudi. Ya pili ni pana zaidi. Usivute pumzi ndefu mfululizo, maana pua huchoka. Nusa kwa muda mfupi, ondoa glasi, fikiri, rudi.

Tatizo la wengi hapa ni maneno. Vitabu vingi vya mvinyo viliandikwa na watu waliokua wakila matunda ya misitu ya Ulaya, na mtu wa Tanga au Kisumu akisoma majina hayo huhisi pua yake ni pungufu. Pua yako ni nzima. Inachohitaji ni kumbukumbu zake yenyewe. Mwaka 1984 Profesa Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitoa gurudumu la harufu za mvinyo, lililopangwa kutoka maneno mapana katikati hadi maneno mahsusi ukingoni: kwanza tunda, kisha aina ya tunda, kisha tunda lenyewe. Chukua utaratibu wake, ujaze yaliyomo kwenye soko lako. Pita Kariakoo, Marikiti au Darajani na ununue zambarau zilizoiva hadi kuwa nyeusi, forosadi, ukwaju, tende, zabibu kavu, karafuu, mdalasini, pilipili manga, hiliki, kahawa mbichi na iliyokaangwa. Nusa kila kimoja macho yakiwa yamefumbwa, na ukitaje.

Kumbukumbu hizo zitakufaa sana kwenye mivinyo mizito. Malbec na Shiraz ya nchi ya joto mara nyingi hukupeleka kwenye zambarau na forosadi. Tunda likiwa limepikwa na jua kupita kiasi utapata zabibu kavu na tende. Cabernet ambayo zabibu zake hazikuiva vizuri hutoa harufu ya pilipili hoho mbichi. Barolo husifika kwa waridi na lami. Mvinyo uliokaa miaka huacha matunda na kuelekea ngozi, tumbaku, tini kavu na majani yaliyooza.

Syrah, hasa ya sehemu zenye ubaridi, hunuka pilipili manga, na si kwa kufananisha tu. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walionyesha kwamba harufu hiyo hutokana na rotundoni, kemikali ileile inayoipa pilipili manga harufu yake. Waligundua pia kwamba karibu mtu mmoja katika kila watano hawezi kuinusa hata ikiwa nyingi. Basi ukiwa mezani na rafiki akasema ananusa pilipili nawe hunusi kitu, msibishane. Inawezekana wote wawili mnasema kweli.

Wakati pua ipo kazini, tafuta kasoro. Harufu ya boksi la karatasi lililolowa na kuvunda ni dalili ya kizibo kilichoambukizwa. Matunda hufifia na hayarudi hata ukisubiri. Harufu ya siki, au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, ni dalili ya asidi ya siki iliyovuka mpaka. Zizi la farasi ni kazi ya hamira iitwayo Brettanomyces: ikiwa kidogo wapo wanaoipenda, ikiwa nyingi huyafunika yote. Na kwetu iongezeke ya joto: chupa iliyosimama dirishani mwa duka ikipigwa na jua hupikika. Kizibo huweza kusukumwa juu, shingo hunata, na ndani matunda hunuka kama yaliyochemshwa. Kagua chupa kabla ya kulipa, na nunua kwa muuzaji anayeziweka mahali pa giza na ubaridi. Chupa yenye kizibo kibovu irudishe kwa adabu. Ni haki yako.

Mdomo: nguvu nne na wapinzani wake

Sasa vuta funda la wastani, liache litembee mdomo mzima, vuta hewa kidogo juu yake, kisha tema. Onja mara tatu, ukizitafuta nguvu nne: ukakasi, kileo, pipa na sukari.

Funda la kwanza uliza ukakasi. Ni mwingi kiasi gani, na ni wa namna gani? Ukakasi wa zabibu zilizoiva huweza kuwa mwingi lakini laini: mdomo unakaza, kisha unaachia, na ladha ya tunda inarudi. Ukakasi wa zabibu mbichi au mbao mbaya ni mkavu na wa chengachenga, hufuatiwa na uchungu, na tunda halirudi tena. Hapa ndipo mpinzani wa kwanza anapojulikana: ukakasi hushikwa na tunda.

Funda la pili uliza kileo. Baada ya kutema, toa pumzi kwa mdomo. Ukihisi moto unaoshuka kooni, kileo kimezidi vinavyokishika, yaani uchachu na ukolevu wa ladha. Kuna mvinyo wa asilimia 15 usiounguza na wa asilimia 13.5 unaounguza. Namba kwenye lebo haikati shauri hili. Koo ndilo linalokata.

Funda la tatu uliza pipa na sukari. Ladha ya kwanza inapokwisha, kilichobaki ni nini? Ikiwa ni vanila, moshi na kahawa pekee, huku tunda limeshatoweka, pipa limeubeba mvinyo. Ikiwa tunda na pipa vinaondoka pamoja, vimeoana. Kuhusu sukari, wengi wetu Afrika Mashariki tulianza na mivinyo myekundu mitamu, na si aibu. Ila fahamu kwamba sukari hufunika ukakasi na uchachu, hivyo mvinyo mtamu upime na mitamu wenzake, na mkavu na mikavu. Anayetoka kwenye mitamu ataukuta mkavu mkali mno mwanzoni. Aanzie na Malbec au Shiraz laini, mdomo utazoea.

Halafu nyamaza uhesabu sekunde ambazo ladha inadumu. Hesabu ladha nzuri; moto wa kileo na ukavu wa fizi usivihesabu. Mvinyo wa kawaida huisha upesi. Mvinyo bora hukaa, na wakati mwingine hugeuka ukiwa umeshatema, ukakuletea harufu ambayo haikuwapo.

Kutoa hukumu

Sasa tenganisha mambo mawili: je, umeupenda, na je, ni mzuri? Andika majibu hayo sehemu mbili tofauti. Unaweza kutoupenda mvinyo ulio bora, na unaweza kuupenda wa kawaida. Hakuna dhambi katika lolote kati ya hayo. Dhambi ya mwonjaji ni kulitumia jibu moja kwa maswali yote mawili.

Kwa swali la ubora, shule nyingi za mvinyo hutumia vigezo vinne, nami navipendekeza kwa sababu vinabebeka kichwani. Cha kwanza ni uwiano: nguvu zote nne zimeshikana au ipo iliyotoroka? Cha pili ni ukolevu: harufu na ladha ziko wazi au unazitafuta kwa tochi? Cha tatu ni wingi wa tabaka: unapata tunda tu, au tunda, kiungo, udongo na kitu ambacho bado hujakipatia jina? Cha nne ni kudumu kwa ladha. Mvinyo uliopita vinne ni bora sana, vitatu ni mzuri sana, viwili ni mzuri, kimoja unatosha kwa chakula cha jioni.

Kwa mvinyo mzito kigezo cha uwiano ndicho kizito kuliko vyote, na ukolevu ndio unaodanganya. Mvinyo unaopiga kelele huonekana umekolea. Rudia glasi hiyo baada ya dakika ishirini. Mvinyo wenye kelele tu utakuwa umekuchosha. Mvinyo uliokolea kweli utakuwa na la kuongeza.

Alama zina kazi yake. Chuo cha Davis kilieneza mizani ya alama 20, na Mmarekani Robert Parker, aliyeanzisha jarida lake mwaka 1978, akaieneza ile ya 100. Zinasaidia kukumbuka na kulinganisha, lakini usiziabudu. Mtafiti Robert Hodgson aliwachunguza majaji wa shindano la mvinyo la jimbo la California, wakapewa mvinyo uleule kutoka chupa ileile zaidi ya mara moja bila kujua. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 2008, ni karibu mmoja tu katika kila kumi aliyeweza kubaki ndani ya daraja moja la medali. Ikiwa wao wanayumba hivyo, maelezo yako ya maneno yana thamani kuliko tofauti ya alama moja.

Swali la umri nalo halina budi kuulizwa. Je, mvinyo huu ni mbaya, au ni mchanga? Njia rahisi ni kubakiza nusu chupa, kuifunga vizuri, kuiweka mahali pa ubaridi na kuionja kesho. Mvinyo unaokuwa laini na wenye harufu pana siku ya pili una uhai ndani yake, na huenda ukastahili kuwekwa miaka. Unaonyong'onyea na kunuka siki unywe sasa au uachane nao. Kuumimina kwenye jagi pana saa moja kabla ya kuonja nako huupunguzia makali mvinyo ulio mchanga.

Ficha lebo

Tarehe 24 Mei 1976 huko Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaweka majaji Wafaransa mbele ya glasi zisizo na majina. Kwa mivinyo myekundu, Cabernet ya mwaka 1973 ya Stag's Leap Wine Cellars kutoka California iliongoza, mbele ya mvinyo wa Ufaransa, Mouton Rothschild wa mwaka 1970. Majaji wale wangejua kilichomo kwenye glasi, ni vigumu kuamini kwamba matokeo yangekuwa yaleyale.

Nawe fanya hivyo nyumbani. Alika marafiki wanne au watano, kila mmoja alete chupa ya zabibu mliyokubaliana na ya bei iliyo ndani ya mpaka mliouweka. Mtu asiyeonja azivike chupa mifuko ya karatasi na kuzipa namba. Onjeni kwa ukimya, kila mtu aandike, kisha ndipo mzungumze. Anayesema kwanza kwa sauti huwavuta wengine kwake. Tieni humo chupa ya Dodoma ikiwa inalingana na kundi lenu. Isibebwe kwa uzalendo wala isidharauliwe kwa ukaribu wake, iulizwe maswali manne yaleyale.

Lipo na jaribio kali zaidi la kujipima wewe mwenyewe. Mtu akumiminie glasi tatu, mbili zikiwa za mvinyo mmoja na ya tatu ya mwingine, nawe uitafute iliyo tofauti. Ukishindwa, usiandike kurasa mbili juu ya tofauti za mivinyo hiyo.

Kisha leta chakula

Hukumu itolewe kabla ya chakula, kwa kuwa chakula hugeuza kila kitu. Lakini mvinyo mzito ulitengenezwa uje mezani, na mezani upimwe mara ya pili. Nyama choma ndiyo rafiki yake mkuu: protini na mafuta hushikana na tanini, kama ulivyoona kwenye chai na maziwa, na chumvi hupunguza ukakasi na uchungu. Mishikaki, mbuzi wa kuchoma na maini ya kukaanga yote yanafaa. Pilipili kali ni hatari, maana huwasha moto wa kileo. Pilau yenye viungo bila kachumbari kali itakubali Shiraz vizuri kuliko mchuzi wa pilipili. Samaki wa kuchemsha mwache. Mvinyo ambao peke yake ulikushinda kwa ukakasi ukawa mtulivu mbele ya nyama, uandikie hilo pia.

Daftari na mwezi wa kwanza

Nunua daftari. Kwa kila mvinyo andika zabibu, mahali, mwaka, kileo, mahali uliponunua na bei. Kisha harufu tatu, hali ya ukakasi, uchachu na kileo, sekunde za kudumu, vigezo vinne, na mwisho kabisa kama uliupenda. Sentensi fupi zinatosha, mradi ziwe zako.

Kwa mwezi wa kwanza usitawanyike. Nunua chupa mbili tu za zabibu moja kutoka sehemu mbili, mathalani Cabernet ya Stellenbosch na ya Chile, za mwaka unaokaribiana na bei inayokaribiana. Zionje sambamba bila kuona lebo, zirudie siku ya pili, na uandike ni ipi ambayo nguvu zake zinashikana na ni ipi ambayo nguvu moja imetoroka. Mwezi wa pili badilisha zabibu, usibadilishe maswali. Ukiweza kusema ni nguvu ipi iliyotoroka na imetoka wapi, utakuwa umeshaanza kuhukumu mvinyo, na muuzaji, jarida au jina kubwa halitaweza tena kuhukumu kwa niaba yako.